Shangazi Asiyemfuata Mtu

Rudishia mlango kwanza, na hilo dirisha la upande wa jirani nalo lifunge. Sasa apa. Sema: nikilitoa hili nje, nisionje sukari mpaka nizikwe. Umeapa? Haya. Ila ujue hata Kanga aliapa hivi hivi, kwa maneno haya haya, mbele ya Sungura mwenyewe, na kabla Sungura hajazunguka pembe ya ghala keshamnong'oneza Bata. Bata akamwambia mumewe, mumewe hana kifua, na ndiyo maana leo liko hapa jikoni. Kuapa tumeapa. Basi sikiliza.

Kilikuwako kisiwa kirefu, chembamba, kama mshipi ulioangushwa majini. Udongo wake mwekundu, miwa yake mirefu, na tumbaku yake ukiikunja vizuri harufu inakufuata mpaka msibani. Wakazi wake walikuwa wanyama wadogo wadogo: Sungura, Kobe, Kanga, Bata, Nungunungu, na mbuzi wachache wa milimani. Ng'ambo ya pili, karibu kiasi kwamba siku tulivu unasikia majogoo wakiwika, kulikuwa na bara kubwa la Simba. Simba huyo hakuwa na tatizo ila moja. Kila alichokiona kutoka juu ya jiwe lake alidhani ni chake, kimesahauliwa tu kutiwa ua.

Zamani kisiwa kilitawaliwa na Chui, aliyetoka mbali huko. Chui aliwaingiza wanyama kwenye miwa tangu alfajiri, na ngoma akazipiga marufuku, akisema zinawafanya wafikiri. Basi wakajifunza kupiga makasha. Kasha la samaki wakavu, vijiko viwili, mlango wa kabati, na shughuli inakwenda. Chui akipita anadhani maseremala wako kazini. Mwisho wakachoka wakamwinukia kwa mapanga ya miwa. Walipigana naye mpaka akawa hoi, ulimi nje, jicho limevimba. Hapo ndipo Simba alipovuka maji kwa kishindo, akampiga Chui kofi moja la mwisho, na Chui akaenda zake.

"Nimewakomboa," alisema Simba, akasimama katikati ya uwanja kungoja shukrani.

"Tulikuwa tunamalizia, mzee," alijibu bibi yake huyu Sungura wetu. "Lakini karibu maji ya kunywa."

Simba akanywa maji. Akala. Akalala. Akaonja kila kiti kilichokuwepo. Alipokubali kuondoka, aliondoka na masharti mawili. La kwanza, ile kona ya ghuba yenye kivuli na maji ya kina ingebaki yake mpaka yeye mwenyewe aseme basi, na badala yake angeleta boga kila mwaka. La pili, siku itakayosikika kelele ya ugomvi kisiwani, ana ruhusa ya kutoka kwenye kona yake aje kutuliza. Wanyama wakaitikia, maana aliyekukomboa akiwa bado amekalia mlango wa jiko lako huwezi kubishana naye kutwa.

Kona ikazungushiwa ua wa miiba. Boga likaja kila mwaka. Aliyelibeba alikuwa Fisi, mtumishi wa Simba, ambaye tumbo lake halijapata kusikia neno kesho. Alikuwa akiliweka langoni na kulitazama kwa uchungu. Wenyeji hawakuligusa hata siku moja. Mboga nyingine zote za kisiwa ziliwahi kupikwa, lakini maboga yale yalijipanga pale yakaoza kwa zamu, na Simba kila mwaka alisema, "Mnaona lakini kwamba natoa."

Miaka ikapita, ikawa binamu zake Simba ndio wamekalia mashamba ya miwa, na wenyeji wanakata tu. Wenyeji wakawaondoa. Hapo Simba akanuna mnuno wa kiume. Akatangaza bara zima kwamba atakayewauzia watu wa kisiwani hata punje ya chumvi, asije kunywa kwenye mto wake. Vyombo vya majini vikaacha kuja. Na kama vile mtu kaiambia, mvua nayo ikakata. Mihogo ikakauka shambani, maharage yakafa yangali maua, na chakula kilichobaki kikawa ule unga wa muhogo uliokuwa ghalani.

Mgawaji wa unga alikuwa Sungura. Hakuna aliyemwonea wivu. Alikaa ndani ya ghala la zamani la Chui, lenye kijidirisha kidogo usawa wa kiuno. Chui alilijenga hivyo makusudi, ili anayegawa asione uso wa anayegawiwa, asije akamwonea huruma. Kikapu kinaingia, kibaba kimoja kinamiminwa, kikapu kinatoka. Sungura alikuwa hodari wa hesabu za kichwani na hodari zaidi wa ulimi, na ukoo wake ulikuwa umeaminiwa kibaba hicho tangu enzi za bibi yake.

Sasa nikueleze foleni ya kisiwa kile, kwa sababu mgeni akifika haioni. Anaona uwanja mpana na wanyama wametawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama. Huyu anasuka mkeka. Wale wanacheza bao. Nungunungu yuko chini ya mkokoteni wake, ule aliouacha Chui, gurudumu moja la mti na jingine la kifuniko cha pipa, anaufunga kamba mpya juu ya kamba kuukuu. Kobe anahutubia. Hakuna mstari. Lakini foleni ipo, imenyooka kama uzi, ila iko vichwani mwao. Ukifika unauliza, "Wa mwisho nani?" Mmoja anainua mkono. "Na wewe unamfuata nani?" "Namfuata yule pale mwenye kofia." Basi umeshika. Kazi yako ni kumwangalia yule wa mbele yako tu, na kumjibu yule atakayekuja nyuma yako. Baada ya hapo nenda kakae kivulini, kachumbie, kagombane, foleni haikimbii.

Ilikuwa na ila moja. Zamu yako ikifika huwezi kuinuka mara moja, maana utakuwa katikati ya habari, na mwenyeji wa kisiwa kile haachi habari katikati kwa ajili ya unga. "Ngoja nimalizie," anasema, na hiyo kumalizia ina mikono na miguu. Kwa hiyo kati ya mmoja kuondoka dirishani na mwingine kufika, dirisha linabaki tupu, linapiga miayo.

Unga ukaanza kupungua. Sungura alijua amepima sawasawa, lakini gunia la siku likaisha kabla ya wa mwisho. Akadhani amekosea. Mara ya pili akapima kwa mkono mwepesi zaidi, na bado mbuzi mmoja wa milimani akarudi na kikapu kitupu. Mara ya tatu wakarudi wawili, na mmoja wao alikuwa Bata, ambaye ukimnyima kitu kisiwa kizima kinajua kabla hajafika kwake.

"Mimi sisemi kitu," alisema Kanga kwenye uwanja, kwa sauti ya kusikika. "Ila yatazameni mashavu ya Sungura. Yanatafuna."

"Yanatafuna tangu azaliwe," alisema Nungunungu kutoka chini ya mkokoteni. "Ndivyo alivyo."

"Ndiyo. Na mimi sijasema kitu."

Maneno yakamfikia Sungura ndani ya ghala. Alitoka na kibaba mkononi, akasimama mbele ya Kanga.

"Shoga, kama una neno, niambie mimi, usiyaambie mashavu yangu."

"Sina neno, shoga. Nasema tu, dada yangu aliyevuka kwenda ng'ambo ananiletea salamu. Anasema kwa Simba mahindi wanakula kuku."

"Na kuku wanaliwa na nani?"

Dada yake Kanga hakuwa ameligusia hilo.

Siku hiyo hiyo Simba alikuja mpaka langoni mwa ua wake wa miiba. Hakuvuka. Alijinyoosha, akapiga mwayo uliopeperusha majani, kisha akamwita Sungura kwa upole, na upole wa Simba hauna raha yoyote.

"Binti, nasikia mnapungukiwa."

"Umeyasikia wapi, mzee? Sisi tunanong'ona tu."

"Masikio yangu ni makubwa. Leo mnanong'ona, kesho mtapiga kelele, nami kelele hainiachi nilale. Mnajua tulivyokubaliana. Nitakuja kuwasaidia kugawa."

"Msaada wako wa kwanza bado haujaondoka," alisema Sungura. "Umelala hapo nyuma ya ua."

Simba alicheka, lakini mkia wake haukucheka. Sungura akarudi ghalani. Sasa alielewa. Unga ulikuwa unaibwa, na wizi huo haukuwa wa njaa peke yake. Mtu alitaka wagombane.

Jioni hiyo Kobe aliitisha mkutano. Kobe alikuwa msemaji wa kisiwa, na kwa kweli alikuwa na moyo safi, ila akifungua kinywa watoto wananyonya, wanaachishwa na kuota meno kabla hajakifunga. Alianza na enzi za Chui. Akapitia kila pigano, na jina la kila panga. Jua lilipokuwa linagusa miwa akafika kwenye unga.

"Mwanangu Sungura," alisema, "sikushuku. Lakini kesho gunia likiisha tena kabla ya wa mwisho, utatuwekea kibaba hapa mezani, tutafute mgawaji mwingine."

"Nani?" aliuliza Bata haraka.

"Ukoo wetu una mikono myepesi," alisema Kanga.

"Ukoo wenu una midomo myepesi," alisema Bata. "Kibaba kitakuja kwetu."

Manyoya yakaanza kusimama. Sungura akawatazama, akaiona kesho kama ameishika mkononi: kibaba mezani, koo mbili zinakigombania, kelele inapanda, lango la miiba linafunguka, na Simba anaingia na hotuba ya amani akichagua kiti. Na safari hii hangeondoka. Miaka yote ya mapanga na makasha ingemezwa kwa ajili ya gunia la unga.

"Nimekubali, babu," alimwambia Kobe. "Kesho wa mwisho asipopata, kibaba hiki hapa."

Kesho yake wakakusanyika. Wa mwisho nani, namfuata nani, kila mtu akashika nafasi yake na kutawanyika. Sungura akaingia ghalani, akajifungia, akakaa nyuma ya dirisha. Hakutazama vikapu siku hiyo, kwa kuwa vikapu vyote vya kisiwa vilisukwa na mkono mmoja. Alisikiliza.

Kikapu cha kwanza kikaingia. "Sungura, kibaba chako kimeota unyayo ndani, mbona kila siku kinapungua kina? Na mwanao anaendeleaje na kikohozi?"

Cha pili. "Huu unga au vumbi? Haya, mimina tu, tutafanyaje. Jana nilimwona shemeji yako, kavaa viatu, sijui kapata wapi."

Cha tatu kilikuwa cha Nungunungu. "Shindilia, Sungura. Usimimine kama unanyunyizia maiti marashi."

Kikaja cha nne. Kiliingia taratibu, kikakaa. Hakikulalamika. Hakikuuliza habari ya mtoto. Sungura akamimina, akangoja. Kimya. Kikapu kikatoka, na nyuma yake sauti ndogo, ya adabu, ikasema, "Asante sana."

Sungura nywele zikamsimama. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu wa kisiwa kile akipokea kibaba na kushukuru. Kwanza angeona ni matusi. Mtu anayeridhika na kipimo hakulelewa pale.

Akaendelea. Vikapu viwili vya malalamiko, kisha tena kile chenye adabu. Asante sana. Vingine vitatu, kisha asante sana. Akainama mpaka shavu likagusa kizingiti cha dirisha, akawahi kuona mgongo unaondoka: umefunikwa ngozi ya mbuzi, juu umeinuka mabegani, kisha unateremka kama paa la banda lililochoka.

Alifungua mlango wa nyuma, akazunguka mpaka uwanjani kana kwamba anajinyoosha viungo. Hapo karibu na Kobe alikuwa amekaa bikizee wa mbuzi, ngozi imemfunika mpaka puani, kikapu kitupu mapajani. Kobe alikuwa anamhutubia. Bikizee anatikisa kichwa.

"Yule shangazi ni wa nani?" Sungura alimuuliza Kanga pembeni.

"Wa Bata, nadhani. Nimemwona naye tangu juzi."

Bata naye akasema, "Mimi? Mimi najua ni wa mbuzi wa milimani."

Mbuzi wa milimani akasema, "Sisi hatuna mwenye mgongo ule. Ni jamaa yake mzee Kobe, hatoki ubavuni pake."

Sungura akamvuta Kobe pembeni. Kobe akakuna shingo. "Nilidhani ni msikilizaji," alisema kwa haya kidogo. "Si rahisi kumpata, mwanangu. Sikutaka kumuuliza maswali."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alimwangalia wa mbele yake tu, na shangazi alipojipenyeza dirishani wakati wenye zamu wanamalizia habari zao, kila mmoja alimhesabu kuwa wa mwingine.

Hapa mtu mwingine angepiga ukelele wa mwizi. Sungura akautazama ule ua wa miiba, akaona vidole viwili vya makucha vimekaa juu ya komeo la lango, tayari. Ukelele mmoja tu ndio uliokuwa unangojwa. Akaumeza. Akafikiri. Kisha akaenda kwa Kanga.

"Shoga, nina siri."

Macho ya Kanga yakawaka kama amewekewa pilau.

"Lakini uape. Sema: nikilitoa hili nje, nisionje sukari mpaka nizikwe."

Kanga akaapa, mkono kifuani, macho juu.

"Nungunungu akipiga kasha, kila mtu atamshika kiuno yule anayemfuata kwenye foleni. Sio jirani yake, sio mkewe. Anayemfuata. Usimwambie mtu hata mmoja."

"Mimi? Mimi ni kaburi," alisema Kanga.

Sungura akageuka na kumwacha makusudi. Alikuwa anamjua shoga yake kuliko alivyojijua mwenyewe. Kabla hajazunguka pembe ya ghala akasikia, "Bata, njoo, lakini uape kwanza." Bata akamwambia aliye nyuma yake. Kanga akamwambia Kobe aliye mbele yake, Kobe akamwambia wa mbele yake kwa kirefu, na siri ikapita kwenye foleni kama ndoo inavyopita mkono kwa mkono penye moto. Ilimfikia kila mmoja aliyekuwa anamfuata mtu au anafuatwa na mtu. Shangazi hakuambiwa na yeyote. Si kwa kufichwa. Hakukuwa na wa kumwambia.

"Nungunungu," Sungura alinong'ona, "piga."

"Shughuli ya nani?"

"Ya foleni. Leo inacheza."

Nungunungu hakuuliza zaidi. Akalivuta kasha la samaki, akachukua vijiko, na akaanza polepole, ti-ki ti, ti-ki ti, halafu akaingiza kiganja chini yake. Uwanja ukainuka. Bao likaachwa, mkeka ukaangushwa, hata aliyekuwa katikati ya habari akaikata, jambo ambalo halijatokea tena mpaka leo. Kila mmoja akamrukia wa mbele yake na kumshika kiuno. Foleni iliyokuwa vichwani ikaonekana kwa macho, ndefu, inapinda uwanjani, mguu kushoto, mguu kulia, teke, mguu kushoto.

Shangazi akabaki katikati na kikapu chake. Akageuka huku, akageuka kule. Kila kiuno kilikuwa na mwenyewe. Mnyororo ulipopita karibu yake akamshika Kobe, kwa kuwa ndiye aliyemzoea.

"Bibi, samahani," alisema Kanga, naye mikono yake iko juu ya gamba lile lile. "Huyu ni wangu."

"Na mimi namfuata huyu huyu," alisema shangazi kwa sauti nyembamba.

"Haiwezekani. Babu Kobe hana viuno viwili."

"Hata kimoja ni cha kutafuta," alisema Kobe, akicheza.

"Basi nakufuata wewe."

"Mimi ananifuata Bata. Bata, unanifuata?"

"Tangu asubuhi," alisema Bata. "Na kucha zako zinaniumiza kila unaporuka."

"Basi namfuata Bata."

"Bata namfuata mimi," alisema aliye nyuma, na wa nyuma yake akasema ndiyo, na wa nyuma yake, mpaka sauti ikafika mkiani kwa mbuzi mdogo wa milimani.

"Wa mwisho ni mimi," alisema mbuzi yule. "Na sijaulizwa na mtu."

Kasha likaongezwa kasi. Kicheko kikapanda, miguu ikatimua vumbi, na hiyo sasa, kwa aliye mbali, ilikuwa kelele tosha. Komeo la lango likalia. Simba akatoka kwenye ua wake amechana nywele, kifua mbele, mkono umeinuliwa juu kama mtu anayezima taa. Alikuwa ameiandaa hotuba hiyo kwa muda mrefu, ilionekana.

"Wanangu," alianza, "tulieni. Nimesikia ugomvi. Nimekuja kuwapatanisha."

"Karibu, mzee," alisema Sungura, kibaba kwapani. "Hakuna ugomvi. Ni ngoma."

"Nimesikia mtu anabishana."

"Tunaulizana nani anamfuata nani. Ni desturi yetu."

Simba akatazama. Aliwaona wote, koo zote, Kanga na Bata wameshikana viuno badala ya koo. Mkono wake ukabaki hewani, haujui ushuke wapi.

Na Kanga, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite kwa sababu kuna mgeni, akaendelea na lake. "Bibi, nimekuomba kwa heshima. Ondoka kwa babu yangu." Akamshika shangazi mgongoni, pale kwenye mteremko, akavuta. Ngozi ya mbuzi ikatoka nzima nzima kama shuka kitandani.

Kasha likanyamaza.

Chini ya ngozi alikuwa Fisi. Amejifunga mifuko mbavuni kama kamba ya tumbaku inayoanikwa, na mifuko yote imejaa. Mmoja ulikuwa umepasuka, unga unamwagika kwenye miguu ya Kobe bila haraka. Pua nyeupe, masharubu meupe, shavu limetuna. Alikuwa anatafuna. Mbele ya kisiwa kizima, jua likiwa utosini, amekamatwa ubavu kwa ubavu na wale aliowaibia, naye bado anatafuna, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa.

Hakuna aliyepiga ukelele. Bata peke yake ndiye aliyesema, pole pole, "Hicho ni kibaba changu."

Macho yote yakamhama Fisi, yakampanda Simba.

"Huyu," alisema Simba, akikohoa, "simjui."

Fisi akameza. Alionekana kuumia kweli, maana alikuwa mtumishi wake tangu ujana.

"Hunijui vipi, mzee?" alisema, na unga ukamtoka puani kama moshi. "Jana si tumekula wote? Si wewe uliyesema niende nikanyakue tu, huko hakuna utaratibu, watapigana wenyewe uje uwatulize? Umenituma bila kunieleza. Hukuniambia kwamba hawa watu wana foleni."